Nimekabidhiwa programu ipange kalenda ya bosi: niiachie kiasi gani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu muhtasi wa mkurugenzi, huu ni mwaka wa tisa. Mwezi uliopita ofisi ilimnunulia bosi programu yenye akili bandia inayosoma barua pepe zake na kupanga miadi yenyewe, nami nikaambiwa niisimamie. Ndani ya wiki moja ilimwekea vikao sita mfululizo bila hata nafasi ya kunywa maji, ikampangia mgeni siku ambayo yuko safarini, na mtu aliyeandika "tuonane saa tisa" akapangiwa saa tatu asubuhi. Bosi anasema nikiiamini itajifunza. Mimi naogopa. Ikikosea lawama ni zangu, ikipatia sijui nitabaki na kazi gani. Niiachie kiasi gani? Na niiunganishe kwa akaunti yangu au yake?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nilikaa meza ya ukatibu muhtasi miaka 18 kabla sijaanza kuwafundisha wengine, kwa hiyo hofu yako naifahamu vizuri. Nikuambie mapema kwamba makosa mawili ya kwanza uliyoyataja yana mzizi mmoja, na mzizi huo si uzembe wako; la saa tisa nitalifikia peke yake. Programu inaona nafasi iliyo tupu. Haijui kama nafasi hiyo iko huru. Kutofautisha tupu na huru ndiyo kazi uliyoifanya miaka tisa bila mtu kuipa jina, ndiyo maana hata bosi wako hajui kwamba programu haina ujuzi huo. Jibu fupi, basi, ni hili: iachie yale tu ambayo umekwisha kuyaandika mahali inapoweza kuyasoma, kisha uyaongeze kidogo kidogo.

Tuanze na ile safari. Fungua tukio la safari kwenye kalenda ya bosi, ulitazame vizuri. Nadhani utakuta liliandikwa kama tukio la siku nzima, ule mstari mwembamba unaokaa juu kabisa ya siku. Kalenda nyingi za ofisini, Outlook ikiwemo, zikiandikiwa tukio la siku nzima hulihesabu zenyewe kuwa halizibi muda, kana kwamba ni sikukuu au siku ya kuzaliwa ya mtu. Wewe ukisoma "Safari" unajua hayupo. Programu inatazama alama iliyo ndani ya tukio, inayosema muda huu umezibwa au uko wazi. Ikakuta uko wazi, ikampa mgeni. Alama hiyo si ya kampuni moja. Imo katika iCalendar, kiwango ambacho karibu kalenda zote hutumia kupeana matukio, kilichotolewa mwaka 1998 na kuandikwa upya mwaka 2009. Katika kiwango hicho tukio ama linaziba muda ama haliuzibi. Hakuna alama ya kusema "yupo, lakini anajiandaa kwa kikao cha bodi," wala "yupo, lakini asipangiwe mtu yeyote isipokuwa mwenyekiti."

Mimi hili lilinifundisha kwa maumivu. Nilikuwa na bosi aliyempeleka mama yake kliniki kila Alhamisi asubuhi. Hakutaka watu wajue, hivyo nilikuwa nikiandika herufi moja tu, M, juu ya siku. Kwa miaka miwili herufi hiyo ilitosha, kwa sababu msomaji wake nilikuwa mimi. Ofisi ilipoleta programu ya kupanga miadi, wiki ya pili tu ikajaza Alhamisi tatu kwa mkupuo, na waalikwa wote wakathibitisha. Bosi alikuja akasimama mbele ya meza yangu, ratiba mkononi. Hakunigombeza. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mama nimwambieje?" Nilikaa pale hadi jioni nikipiga simu moja baada ya nyingine kuvunja vikao. Tangu siku ile sijawahi kuacha jambo la maana kwenye kalenda ya mtu likae kama fumbo ninalolijua peke yangu.

Kwa hiyo kabla hujagusa mpangilio wowote wa programu, pitia wiki sita zijazo tukio kwa tukio. Kila linalomtoa bosi mezani libadilishe lisomeke kuwa ana shughuli au hayupo. Uandike na muda wa njiani, maana programu ikiona kikao cha upande mmoja wa mji kinaisha saa 5:00 na cha upande wa pili kinaanza saa 5:00, kwake hakuna tatizo. Uandike na maandalizi. Kikao cha bodi kinachochukua saa moja kina saa mbili za kusoma makabrasha nyuma yake, na saa hizo zisipokuwa kwenye kalenda zitaliwa. Kazi hii inachosha, itakuchukua nusu siku, lakini hakuna hatua nyingine katika barua hii itakayokuokolea makosa mengi kuliko hiyo.

Vikao sita mfululizo ni jepesi zaidi. Ingia kwenye mipangilio utafute mahali pa kuweka mapumziko kati ya kikao na kikao, idadi ya juu ya vikao kwa siku, na saa ya kuanza na kumaliza kazi. Jaza zote. Ila elewa tofauti moja ambayo watu wengi hawaelezwi. Programu za aina hii huagizwa kwa njia mbili: kwa kujaza mipangilio, au kwa kuandika maelekezo kwa maneno ya kawaida, mfano "mkurugenzi hapendi vikao vya mfululizo." Mpangilio ni ukuta, programu haiwezi kuuvuka. Maneno ni ushauri. Itayasoma, mara nyingi itayafuata, na siku mtu akiandika "ni dharura kubwa, tafadhali sana," inaweza kuyapinda. Lolote ambalo halipaswi kuvunjwa hata aje nani, litie kwenye mipangilio. Mpangilio wa namna hiyo usipokuwepo, litie kwenye kalenda yenyewe kama tukio linaloziba muda. Ukiona bosi anakula saa 7:00 mchana, mlo huo nao uwe tukio.

Sasa utayajuaje ya kuandika? Wengi humfuata bosi na kumuuliza, "Vipaumbele vyako ni vipi?" Usifanye hivyo. Atakupa majibu mazuri yasiyo ya kweli, si kwa kudanganya, ila kwa sababu hakuna mtu anayejua kanuni zake mwenyewe akiulizwa hewani. Chapisha kalenda ya wiki nne zilizopita, uzungushie duara kila kikao kilichosogezwa, kilichofutwa au kilichoingizwa kwa nguvu, kisha umwombe nusu saa. Kwa kila duara muulize swali moja: "Hiki tulikisogeza kwa nini?" Utasikia, "Huyu ni mteja wa zamani, hawezi kusubiri wiki." "Huyu akija asubuhi siku nzima inaharibika." "Ijumaa mchana siamui jambo la fedha." Hizo ndizo kanuni. Nyingine utagundua ulikuwa ukizifuata miaka yote bila hata kujua kwamba ni kanuni. Ziandike kwa sentensi fupi, kila moja peke yake, umsomee, athibitishe. Karatasi hiyo ina thamani kuliko programu yenyewe, kwa sababu ofisi ikibadilisha programu mwakani utahama nayo.

Kuna zile ambazo hutazitia kwenye programu kabisa. "Huyu simtaki ofisini kwangu" si sentensi ya kuiandikia mashine inayotuma barua pepe. Watu wa namna hiyo wape kanuni isiyo na sababu: maombi yao yaje kwako kwanza. Programu haihitaji kujua kwa nini.

Nije kwenye saa tisa, kwa sababu hili linatuhusu sisi tunaoandikiana kwa Kiswahili kuliko watu wengine. Saa zetu tunazihesabu tangu jua lichomoze na tangu lizame. Programu hizi zimefunzwa zaidi kwa maandishi ya lugha zinazohesabu kutoka usiku wa manane na adhuhuri. Aliyeandika "saa tisa" alimaanisha 15:00. Programu ikaona tisa, ikaandika 9:00, ambayo kwetu ni saa tatu asubuhi. Tofauti ni saa sita kamili, na ubaya wake ni kwamba saa zote mbili ni za kazi, hivyo kosa halionekani kwa macho. Lingeangukia usiku wa manane ungelishtukia papo hapo. Tazama: "saa nne" ya asubuhi, yaani 10:00, ikisomwa vibaya inakuwa 16:00; "saa tano" inakuwa 17:00; "saa kumi" ya jioni inakuwa 10:00. Zote zinakaa vizuri tu kwenye ratiba, na hakuna atakayejua mpaka mgeni mmoja awe ameketi mapokezi na bosi yuko kwingine.

Dawa yake si kuisubiri programu ijifunze. Weka kanuni kwamba ombi lolote lenye saa iliyoandikwa kwa maneno ya Kiswahili lisithibitishwe kabla ya mtu kulitazama, na kila uthibitisho unaotoka uandike saa kwa namna mbili. Mimi nilikuwa nikitumia mfano huu: "Jumatano tarehe 14, saa 9:00 alasiri (15:00)." Aliyeelewa vibaya ataona kosa mwenyewe na kukujibu. Neno "alasiri" nalo usiliache. Linabeba nusu ya usalama wa sentensi hiyo.

Kama bosi wako ana vikao na watu wa nchi za mbali, kuna mtego mwingine wa saa. Marekani husogeza saa zake mbele Jumapili ya pili ya Machi, nchi za Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Katikati hapo, kwa wiki mbili au tatu, tofauti ya New York na London inakuwa saa 4 badala ya 5. Inatokea tena kwa wiki moja kati ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba na ya kwanza ya Novemba. Sehemu nyingi za dunia hazisogezi saa kabisa. Sasa kikao kinachojirudia kila wiki hufuata saa za mahali alipokiandikia mwenye kukiitisha. Akiwa London, siku saa za kule zikisogezwa kikao kitahama saa moja kwenye kalenda ya bosi wako bila mtu kukigusa, na kinaweza kuangukia juu ya kikao kingine. Programu nzuri itakuonyesha mgongano; nyingine itakisogeza kile cha ndani kimyakimya. Tia alama tarehe hizo nne kwenye kalenda yako mwenyewe, na wiki zinazozizunguka ukague kwa mkono vikao vyote vya kujirudia.

Umeuliza uiunganishe kwa akaunti ya nani. Iunganishwe kwa akaunti ya bosi, akiwepo, yeye mwenyewe akibonyeza kukubali, na wewe upewe nafasi ya msimamizi ndani ya programu. Sababu utaiona ukisoma ile kurasa ya ruhusa ambayo kila mtu huiruka. Programu ikiomba ruhusa kamili ya Google Calendar, maandishi yanasema itaweza kuona, kuhariri, kushiriki na kufuta kabisa kalenda zote ambazo mwenye akaunti anaweza kuzifikia. Zote. Wewe kama katibu muhtasi unaifikia kalenda ya bosi, lakini huenda pia unazifikia za naibu wake, za chumba cha mikutano, za wakuu wa idara waliokuamini, na yako ya nyumbani. Ukiiunganisha kwa jina lako, umewafungulia mlango watu ambao hawakuulizwa. Na siku ukienda likizo au ukihama kazi, akaunti yako ikifungwa, kila kitu kinakatika katikati ya wiki.

Nywila ya bosi usiichukue hata akikupa mwenyewe. Najua ofisi nyingi zinafanya hivyo. Ukiingia kwa nywila yake, kila ulichofanya kinaandikwa kuwa amekifanya yeye, na siku likitokea la kutokea huna namna ya kuonyesha lipi lako, lipi lake, lipi la programu. Kalenda zote kubwa zina njia halali ya kumpa mtu ruhusa ya kusimamia kalenda ya mwingine, na viwango vya ruhusa vinapishana: kuona tu kama ana nafasi, kuona maelezo yote, kubadilisha matukio, na hata kuwagawia wengine ruhusa. Chukua ile ya kubadilisha matukio. Ya kuwagawia wengine mwachie mwenyewe au watu wa TEHAMA. Tena iCalendar ina sehemu maalumu ya kuandika kwamba mwaliko huu ni wa fulani lakini umetumwa na fulani kwa niaba yake. Waliotunga kiwango hicho waliijua kazi yetu.

Kuhusu siri. Matukio binafsi ya bosi, kama kliniki, shule ya mtoto au mwanasheria, wengi huyawekea alama ya faragha na kuridhika. Alama hiyo inamzuia mwenzako wa ofisini asisome, lakini programu iliyopewa ruhusa kamili inaweza kusoma kilichomo. Kisha hatari inakuja kwenye majibu. Mgeni anaomba Jumanne asubuhi, na programu, kwa kutaka kuwa muungwana, inamwandikia: "Samahani, wakati huo mkurugenzi ana miadi ya daktari wa moyo." Sentensi moja ya namna hiyo haivutwi tena. Fanya mambo mawili. Kwanza, kwenye mipangilio ya majibu zuia programu isitaje kamwe sababu ya muda kuzibwa. Pili, lile lililo nyeti kabisa lisiandikwe kwa jina lake. Andika "Ana shughuli" na uzibe muda. Utaniambia hili linapingana na hadithi yangu ya herufi M. Kosa la M halikuwa kuficha sababu. Kosa lilikuwa kuacha muda wazi.

Jambo la usalama ambalo bado halijazoeleka: mwaliko wa kalenda ni maandishi kutoka kwa mtu mwingine, na programu inayosoma maandishi inaweza kuyatii. Mwaka 2025 watafiti walionyesha hadharani kwamba mwaliko wenye maagizo yaliyopenyezwa ndani yake uliweza kuifanya Gemini, programu ya akili bandia ya Google, itende mambo ambayo mwenye akaunti hakuyaomba, baada tu ya yeye kuuliza ana nini kwenye kalenda leo. Google ilipashwa habari na kuongeza kinga, lakini udhaifu wenyewe ni wa aina nzima ya programu hizi. Kwa upande wako, zima ule mpangilio unaoingiza kalendani mwaliko wowote kutoka kwa yeyote. Ruhusu wanaojulikana tu, na mingine isubiri uipitie. Na programu isipewe ruhusa isizozihitaji. Kupanga miadi hakuhitaji kufungua mafaili ya fedha.

Wageni wako waambiwe wanaandikiana na nani. Mwaka 2014 ilianzishwa New York kampuni iitwayo x.ai iliyotengeneza wasaidizi wa kupanga mikutano kwa barua pepe, ikawapa majina ya watu, Amy Ingram na Andrew Ingram; herufi za mwanzo ukiziunganisha unapata A.I. Waliandika kwa adabu kiasi kwamba wapo waliowajibu wakidhani ni binadamu. Huduma hiyo ilisitishwa mwaka 2021, lakini swali lilibaki, na sheria ya akili bandia ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa mwaka 2024 inataka mtu ajulishwe anapozungumza na mashine. Mimi nasema hata pasipo sheria, usikubali programu itie saini kwa jina lako. Jina lako limejengwa miaka tisa. Watu wanapoliona chini ya barua wanajua kuna mtu wa kumpigia. Saini iwe wazi: "Msaidizi wa kidijitali wa ofisi ya mkurugenzi. Kwa jambo lolote, wasiliana na katibu muhtasi," na namba ya ofisi. Wakubwa wa umri, wateja wa miaka mingi, mtu aliyefiwa, hao usiwatumie kiungo cha "chagua muda unaokufaa." Wapigie. Mtu aliyezoea kuitwa kwa jina lake akipelekewa fomu anaona ameshushwa, na ni kweli ameshushwa.

Sasa kiasi gani. Mwombe bosi wiki mbili ambazo programu itapendekeza tu na wewe ndiye utakayethibitisha. Akikuambia itajifunza, mkubalie, kisha umweleze kwamba inajifunza kutokana na masahihisho, na masahihisho yanahitaji mtu wa kuyafanya kabla barua haijatoka. Kila pendekezo ulilolibadilisha liandike kwa mstari mmoja: lilikuwa nini, umelibadilisha kwa nini. Mwisho wa wiki ya pili utaona mistari imejikusanya mahali pachache. Mahali hapo patie kanuni. Ambapo hukulazimika kubadilisha kitu hata mara moja, hapo paachie.

Kwa uzoefu wangu, la kwanza kuachiwa ni vikao vya ndani vya nusu saa na watu wa idara ileile. Hata programu ikikosea, mtu anapita koridoni mnarekebisha. Baadaye vikao vya kujirudia, kisha wageni wanaofahamika. Wageni wapya wachelewe. Na kuna mambo mawili ambayo sijawahi kuiachia programu yoyote, wala sitarajii kuiachia: kufuta kikao na kusogeza kikao cha mtu wa nje. Kupanga vibaya kunarekebishika kabla siku haijafika. Kumfutia mtu aliyekwisha panda gari hakurekebishiki.

Kitu kimoja kidogo kinachosumbua sana: programu ikimpa mgeni nafasi tatu achague, je, nafasi hizo zinashikiliwa? Nyingi haziwekewi kizuizi mpaka mipangilio iseme hivyo. Matokeo yake wageni wanne wanapewa Jumatano ileile, wawili wanaikubali ndani ya dakika chache, na mmoja anarudishiwa barua ya samahani. Washa ushikiliaji, uuwekee kikomo. Saa 48 zinatosha. Zisipojibiwa nafasi zifunguke zenyewe, la sivyo kalenda itajaa vizuka vya watu ambao hawakujibu.

Halafu hofu yako ya kazi. Sitakudanganya kwamba hakuna kitakachobadilika. Ile kazi ya kuandika "Je, Jumanne inakufaa?" mara kumi na moja kwa siku itapungua, na kama ofisi ilikuwa ikikuthamini kwa hiyo tu, una haki ya kuwa na wasiwasi. Ndiyo maana nakusisitizia ile karatasi ya kanuni na ile orodha ya masahihisho. Kwa mara ya kwanza ujuzi wako unaandikwa na unaonekana. Mwisho wa mwezi mpelekee bosi ukurasa mmoja: maombi yaliyoingia, yaliyopangwa bila kuguswa, uliyoyasahihisha, na matatu ambayo yangeleta madhara kama usingekuwepo. Usiandike kwa kulalamika wala kuishitaki programu. Weka mambo kama yalivyo. Anayesema "itajifunza" anahitaji kuona nani anaifundisha.

Kuhusu lawama, mwombe bosi akujibu kwa barua pepe swali hili moja: programu ikithibitisha yenyewe jambo ambalo yeye ameamua ijithibitishie, anayewajibika ni nani? Liulize kwa upole, sasa, wakati hakuna kilichoharibika. Bosi mwenye busara ataona mara moja kwamba hawezi kukuondolea mamlaka ya kukagua na bado akakubebesha makosa, na huenda hapohapo akakurudishia ukaguzi.

Limebaki la yule mgeni aliyepangiwa siku ya safari. Usiiachie programu imwandikie. Kabla ya kuinua simu chagua nafasi mbili, zizibe kwenye kalenda kwa jina lake, kisha umpigie leo. Mwambie kosa ni la ofisi, mkurugenzi atakuwa safarini siku hiyo, na umemtunzia Jumatatu saa 4:00 asubuhi au Jumatano saa 9:00 alasiri, au siku zozote mbili utakazokuwa umezipata. Akichagua, mtajie tena saa aliyoitaja na neno lake la asubuhi au alasiri, ifungue ile nyingine, na uthibitisho uutume wewe, kwa jina lako.